Kicheko Katika Kifo cha Cinna

Usomapo mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, usilipite upesi onyesho dogo lifuatalo hotuba ya Antony. Kwa miaka mingi waigizaji waliliacha, wakidhani halina kazi. Mimi naona ndilo kipimo cha msomaji.

Mshairi mmoja, jina lake Cinna, yuko njiani kwenda mazishini kwa Caesar. Raia wenye hasira wamzunguka, wakamwuliza jina lake, aendako, akaako, na kama ana mke. Wasikiapo jina, wapiga kelele kwamba yeye ni mwuaji, maana katika wauaji wa Caesar yumo Cinna mwingine. Maskini aeleza kuwa yeye ni mshairi tu. Hapo mmoja wao asema, basi na araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake!

Kila nisomapo maneno hayo darasani, wanafunzi hucheka. Nami nilicheka mara ya kwanza.

Sasa tazama kazi ya mtungaji. Plutarch, aliyeandika habari hizi zamani, asema mshairi huyo aliuawa kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine. Shakespeare hakuridhika na kosa hilo. Raia wake wameambiwa kwamba siye, nao wamwua vivyo hivyo. Tena hawa si majitu ya hadithini, bali ni watu wa namna ile ile ya seremala na fundi viatu waliotuchekesha mwanzoni mwa mchezo. Basi twafundishwa kwamba ukatili hauhitaji chuki kubwa. Watosha udhuru mdogo, watu wengi, na mzaha wa kuifunika dhamiri. Nasi tuliocheka tulikwisha kusimama kati yao.

Wahenga walisema, wengi wape. Lakini wengi wakidai roho ya mtu, hapana budi tuwanyime. Siku usikiapo sokoni kelele za "Mwizi! Mwizi!", na mtu amekwisha angushwa chini, kumbuka Cinna. Usiokote jiwe, wala usicheke; uliza amefanya nini, ukaite askari. Raia wale wa Roma nao waliuliza maswali mengi. Walichokosa ni subira ya kusikia jibu.