Kompyuta ya shule haijafa, imekatazwa kufunguliwa

Ukifika Ziba, wilayani Igunga, mwezi wa nane, wa kwanza kukupokea ni vumbi. Pamba imeshavunwa, mashamba yako wazi, na upepo unabeba udongo mpaka ndani ya kikombe cha chai. Sasa fikiria kompyuta ambayo feni yake imekuwa ikivuta hewa hiyohiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Nilikuwa kwa shangazi yangu, mwalimu wa sekondari (jina la shule tuliache). Hata shikamoo haijamalizika, akaniambia, "Marahaba mwanangu, wewe si umesoma mpaka digrii ya pili? Njoo uone mashine yetu, imekufa." Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa fizikia, si fundi. Hakunisikiliza.

Mashine ilikuwa hai. Ilichelewa kuwaka, ndiyo, lakini iliwaka. Tatizo ni kwamba kila asubuhi ilijiona iko tarehe 1 Januari 2010, na kila tovuti uliyofungua ilikwambia muunganisho si salama. Walimu walishaamua ni virusi.

Msomaji, kama kompyuta ya shule yenu inafanya hivi, usitafute virusi kwanza. Ndani yake, kwenye ule ubao mkubwa unaoitwa madabodi, kuna betri ya duara inayofanana na sarafu. Imeandikwa CR2032, na tarakimu hizo zina maana: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Inatoa volti 3, na kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haipati umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, saa hupata umeme wa huko na betri inapumzika. Lakini sisi kwa kuogopa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo tunazima swichi ya ukutani kila jioni, na likizo nzima. Tunafanya vizuri, ila betri inabaki kazini peke yake na inaisha mapema. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma. Cheti cha usalama cha tovuti nacho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini iko 2010 inakiona cha leo kama hakijaanza kutumika. Inakikataa, na kwa akili yake iko sahihi kabisa.

Betri hiyo ni bei ya soda chache. Nikamuuliza shangazi, mbona hamkufungua muda wote huu?

"Hii ina namba ya mali," akasema. "Nikiifungua ikaharibika, barua ya kujieleza naandika mimi. Ikifa yenyewe, haniulizi mtu."

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu, na haliihusu Ziba peke yake. Tunapenda kusema vifaa vya shule vinakufa kwa sababu vijijini hakuna mafundi. Si kweli, au si kweli yote. Toka nje ya geti la shule: chini ya mti kuna fundi baiskeli anayefufua Phoenix yenye umri wa kumzidi yeye. Baiskeli ile haina teknolojia ya ajabu. Ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kusema "fungua". Kompyuta ya shule inakuja na hotuba, utepe na picha ya pamoja. Karatasi ya kumtaja nani anaruhusiwa kushika bisibisi haiji. Kwa utaratibu huo anayejaribu kutengeneza anajiweka hatarini, na anayetandika kitambaa juu ya mashine na kuiacha yuko salama.

Na sisi wa sayansi tumesaidia kujenga woga huu. Mwanafunzi anachora sehemu za kompyuta kwenye daftari, anazitaja kwenye mtihani, lakini lile sanduku lote bado analiita sipiyu kwa sababu hajawahi kuiona sipiyu yenyewe, kijidude kinachoenea kiganjani chini ya feni. Shule ina mashine mbili zilizokufa kweli. Zingefunguliwa mezani, somo lingeisha kwa siku moja.

Kuhusu vumbi: chomoa waya wa umeme kabisa, toka nje, tumia brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Usiende kwa fundi pancha kuomba upepo wa kompresa, una nguvu mno na mara nyingi unatoka na matone ya maji. Na ile desturi ya kusugua ramu kwa raba? Mara nyingi kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha vizuri. Raba inakula tu dhahabu iliyopakwa kwenye miguu yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinachofuata. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Wazo zuri sana. Ila betri ya lithiamu hupungua uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na kwenye vifaa vya namna hii iko ndani, mara nyingi imegandishwa kwa gundi. Kama kompyuta yenye skrubu nne tumeiogopa, kishikwambi kitafunguliwa na nani?

Betri tuliipata mjini Igunga. Mkuu wa shule aliruhusu kwa mdomo, shangazi akafungua skrubu mwenyewe, na tarehe ikakaa. Nikamwomba mkuu aandike kwenye leja kwamba mashine imefunguliwa leo, na nani kaifungua. Akacheka.

"Mwanangu, betri mmeweka. Fungeni, twende tukale."

Leja haikuandikwa kitu.