Geuza Sahani, Lakini Usianze na Muhuri

Ukitafuta namna ya kutambua kauri za kale zilizotengenezwa Japani kwa ajili ya kuuzwa nje, miongozo mingi itakuambia jambo lile lile: geuza sahani, soma muhuri, linganisha na jedwali, pata mwaka, pata bei. Basi, kazi imekwisha. Mimi naona miongozo hii ina kosa la kisayansi kabisa: inachukua ushahidi ulio rahisi kughushi kuliko wote na kuutanguliza.

Tuitendee haki kwanza. Jedwali lina msingi. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia Marekani zionyeshe nchi zilikotoka, ndipo kuanzia 1891 vyombo vya Japani vikaandikwa "Nippon". Mwaka 1921 Wamarekani wakasema hilo ni neno la Kijapani, liandikwe "Japan". Sawa. Lakini hebu fikiri: hiyo ilikuwa sheria ya soko moja. Sahani iliyokwenda Uholanzi haikubanwa nayo, kwa hiyo kukosa maandishi si ushahidi kwamba ni ya kabla ya 1891. Na neno "Nippon" ni wino tu. Vyombo vipya vyenye muhuri huo vimeshatengenezwa na kuuzwa kama vya zamani.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanaharibika kabisa. Kauri ya Japani ilianza Arita, kisiwani Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17, ikasafirishwa kupitia bandari ya Imari, ndiyo maana wengi wanaiita Imari. Vita vya kuanguka kwa utawala wa Ming vilipovuruga biashara ya China, kampuni ya Waholanzi ya VOC ikageukia Arita, na mwaka 1659 ikaagiza mzigo mkubwa. Sasa, mafundi wa Arita walikuwa na desturi ya kuandika kitakoni jina la enzi ya mfalme wa China, mara nyingi Chenghua, wa karne ya 15. Ukiamini maandishi, umekosea nchi na umekosea karne mbili kwa mpigo. Ukiwa muuzaji au mnunuzi, kosa hilo lina bei.

Kwa nini miongozo haianzi na chombo chenyewe? Sahani kubwa za Arita zingeweza kulegea katikati zikiwa tanurini, hivyo ziliegemezwa juu ya vigingi vidogo vya udongo. Vilipobanduliwa viliacha makovu madogo ndani ya duara la kitako. Kwenye sahani za China za wakati huo ni nadra kuyakuta.

Halafu kuna buluu. Rangi ya zamani ilitokana na madini ya kobalti yenye manganizi nyingi. Mwaka 1870 Mjerumani Gottfried Wagener alifika Arita akafundisha matumizi ya kobalti ya kiwandani, iliyosafishwa, na buluu ikawa kali zaidi. Kifaa cha eksirei kinachopima elementi kinaweza kuonyesha tofauti hiyo bila kukwangua chochote. Najua, huna kifaa hicho nyumbani. Kidole unacho. Buluu ilichorwa kabla ya gilezi, yaani ule utando wa kioo. Nyekundu na dhahabu zilipakwa juu yake na kuchomwa tena kwa moto mdogo. Kwa hiyo zinaguswa, na zinachakaa. Uchakavu wa kweli upo pale mikono, visu na uma vilipopita. Ukiuona umesambaa sawasawa kila mahali, anza kumtilia shaka muuzaji, hata kama ni mcheshi.

Hakuna dalili moja inayotosha, maana hata makovu ya vigingi yanaweza kuigwa. Muhuri nao unaruhusiwa kutoa ushahidi, ila uje mwisho na ukubaliane na wenzake.

Kuhusu bei ndiyo nina ugomvi mkubwa zaidi. Jedwali linafanya umri kuwa thamani, kumbe uchoraji wa mkono hodari, historia ya umiliki na hali ya chombo vinaweza kupindua kila kitu. Ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi hauonekani mezani, lakini mara nyingi hung'aa tofauti chini ya tochi ya urujuanimno. Katika mwongozo niliousoma juzi, kila muhuri ulikuwa na bei pembeni yake. Nyufa hazikutajwa hata mara moja.