Mnara Ulionyooshwa

Nikiri mapema: kwa miaka mingi nilimhesabu Hiroshige kuwa mchoraji wa kalenda. Theluji, hekalu jekundu, watu na miavuli yao. Picha ya kuweka kwenye simu, ukaichoka baada ya wiki mbili. Nilikosea, na kosa lenyewe ni aibu kwa mtu anayeishi kwa kuandika habari: sikuwa nimeangalia tarehe.

Chukua chapa yake ya hekalu la Sensoji, mtaa wa Asakusa, katika mfululizo wa Mandhari Mia Moja Maarufu ya Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Juu inaning'inia taa nyekundu ya karatasi, kubwa kiasi kwamba ukingo wa picha umeikata. Tumesimama chini ya Lango la Radi. Mbele yetu watu wanakanyaga theluji, na mwisho wa njia, upande wa kulia, uko mnara wa paa tano. Umesimama wima.

Sasa soma mhuri: mwezi wa saba, 1856, kwa kalenda ya zamani ya Wajapani. Yaani karibu Agosti. Katikati ya joto, bwana, mtu anauza theluji!

Novemba 1855 tetemeko lilikuwa limeipiga Edo, moto ukafuata, watu kwa maelfu wakafa. Mnara wa Sensoji haukuanguka, ila nguzo ya chuma kileleni ilipinda. Ilinyooshwa 1856, muda mfupi kabla ya chapa hii kutoka. Mnunuzi wa Edo hakuhitaji kuelezwa. Nyekundu juu ya nyeupe, kwa Wajapani, ni rangi za heri. Alichokuwa ananunua ni habari: mnara umesimama tena.

Hapo ndipo swali linaponibana. Je, huku si kupaka rangi ukuta wenye ufa? Hakuna kifusi, hakuna maiti, na chapa hii ilipita kwa wakaguzi wa serikali. Baada ya tetemeko hilo hilo, mitaani ziliuzwa chapa za kambare, samaki mkubwa aliyeaminika kuitikisa nchi. Hazikuwa na jina la mchoraji. Ziliwakejeli matajiri, zikawacheka maseremala walioneemeka kwa ujenzi mpya, na serikali ikazipiga marufuku. Ukimweka karibu nazo, Hiroshige anaonekana mwoga.

Lakini simwiti mwoga. Alirithi kazi ya baba yake katika kikosi cha zimamoto cha Edo akiwa bado kijana. Jiji la mbao linapoungua, alijua harufu yake. Ukimya wake ulielekezwa kwa watu waliokuwa wamezika ndugu zao mwaka uliotangulia. Kwao ilitosha kuonyesha mnara. Sisi ndio tuliopoteza nusu ya pili ya mazungumzo, kisha tukaita picha hii "utulivu".

Hata hivyo sitamtetea kwa kila kitu. Kwa mbali hivyo, kunyooka kwa mnara kunaonekana kama kazi ya msimu, si ya mafundi waliopanda juu. Hapo namwona Kawase Hasui akimzidi. Tetemeko la 1923 liliteketeza madaftari yake ya michoro. Mwaka 1925 alitoa chapa ya hekalu la Zojoji, Tokyo: lango jekundu, theluji inayopigwa na upepo, na mwanamke mmoja anayepambana kwa mwavuli. Lango hilo la 1622 lipo mpaka leo. Ila jicho langu haliendi langoni, linabaki kwa yule mwanamke. Kwa Hiroshige jengo ndilo limepona. Kwa Hasui kuna mtu bado yuko njiani.

Mnara wa Sensoji uliungua 1945 kwa mabomu. Unaopigwa picha na watalii leo ulikamilika 1973. Kwa hiyo wima ule wa 1856 haukuwa ahadi kwamba yameisha. Ulikuwa taarifa ya siku moja, iliyokuwa kweli siku hiyo.

Ukikutana na chapa hii ukutani, anza na mhuri. Na kama mwenye maonyesho ana ujasiri, aitundike pamoja na kambare. Moja inasema nani kafaidika, nyingine inasema nini kimebaki. Ninazitaka zote mbili.