Mkono Unaosikiliza Shingo ya Pikipiki

Usukani wa pikipiki unapocheza, ni nadra ubovu kuwa kwenye usukani wenyewe. Mikono ya dereva hupokea tu habari iliyotoka kwenye tairi, ringi, beringi, shingo, au hata uma wa nyuma. Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii spana. Huuliza kwanza: unacheza ukiwa mwendo gani? Ukivuta mafuta au ukiachia? Ukiwa peke yako au na abiria? Mzigo uliofungwa nyuma kabisa ya ekseli huipunguzia tairi ya mbele uzito, na pikipiki nzima huanza kuyumba bila kifaa chochote kuharibika.

Baada ya maswali, huja zamu ya mikono. Pikipiki husimama kwa dabo stendi, na kigogo huwekwa chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie. Fundi huchuchumaa, hushika shokapu mbili karibu na ekseli, husukuma na kuvuta. Akisikia kugonga ndani ya shingo, gololi zimelegea. Kisha huugeuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukikwama kidogo katikati, kana kwamba umetumbukia kishimoni, vikombe vinavyobeba gololi hizo vimechimbika. Huchimbika hapo hasa kwa sababu pikipiki huenda mbele moja kwa moja muda mwingi, na kila shimo la barabara huzigongesha gololi zilezile mahali palepale. Kukaza nati hakuponyi jeraha hilo. Vikombe na gololi hubadilishwa vyote pamoja, kwa grisi mpya.

Kukaza shingo ndiko kunakostahili sifa kuliko kazi nyingine zote. Ikilegea, usukani hutetemeka. Ikikazwa mno, pikipiki husita kujinyoosha na hutangatanga kushoto na kulia katika mwendo wa taratibu. Fundi hukaza nati ya chini hadi mchezo uishe, hurudisha kidogo sana, kisha huuachia usukani: unapaswa kuanguka upande kwa uzito wake wenyewe, bila kusukumwa. Nati kubwa ya juu ikishakazwa, hupima tena, kwa kuwa nayo huibana shingo. Kipimo hicho chembamba hukaa katika viganja vya aliyekishika mara nyingi, na ni elimu kamili.

Magurudumu hayachukui muda mrefu. Huyumbishwa kwa pembeni kupima beringi, kisha huzungushwa mbele ya bisibisi iliyotulizwa ili ringi iliyopinda ijionyeshe. Spoki hugongwa moja moja. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokufa. Tairi iliyoliwa mabonde mabonde hutolewa, maana upepo hauwezi kuirekebisha.

Nyuma, uma ukicheza kwa pembeni, bushi zake zimekwisha. Uzi hunyooshwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele kuhakikisha yamekaa mstari mmoja, kwani anayekaza cheni akiangalia upande mmoja tu huliacha gurudumu likiwa limepinda.

Jaribio la barabarani hufanywa kwa mwendo wa wastani. Usukani ukitikisika tena, dereva huachia mafuta taratibu, hukaa mbele kidogo, wala hafungi breki ghafla. Shingo iliyowekewa vikombe vipya hurudi kwa fundi baada ya kilomita mia chache, vikishakaa vizuri, ili ipimwe na kukazwa upya.