Mche Husema Kweli Mwaka wa Tatu

Ukiuziwa nyanya mbovu, unajua jioni ileile, kisu kikiwa mkononi. Mche wa mwembe hauna haraka hiyo. Hata ule wa kubebeshwa hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa la maana, na muda wote huo mnunuzi hana ushahidi ila neno la muuzaji: huu ni apple, ule Kent, na ule wa pembeni boribo. Ndiyo maana kati ya biashara zote za kando ya barabara Dar es Salaam, hii ya miche ndiyo ninayoivulia kofia. Inamtaka mtu akae palepale mpaka maneno yake yazae.

Bustani ninayoisema ilikuwa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Haipo tena. Njia ya mabasi yaendayo haraka, awamu ya nne, ilipangwa kupita huko kuelekea Tegeta, na tangu Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande. Viriba vya miche vilipangwa ndani ya mita hizo, na wenye viriba walilijua hilo tangu mwanzo. Sina ugomvi na barabara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka, nao lazima wapite mahali. Aliyewahi kukwama Mwenge saa moja usiku, amesimama kwenye daladala huku kwapa la mtu likiwa usoni, hataandika shairi la kuililia hifadhi ya barabara.

Nasifu kazi, basi, si kiwanja.

Wateja walimwita mwenye bustani Mzee wa Miche. Mbele, upande wa barabara, aliweka vya kuvuta macho: asumini, mawaridi, miashoki iliyonyooka kwa ajili ya wenye kuta mpya. Kazi yenyewe ilikuwa nyuma, chini ya kivuli cha makuti. Kokwa ya embe haitunziki, ikikauka imekufa. Kwa hiyo msimu wa maembe alizikusanya zikiwa bado mbichi, akakata ganda gumu kwa mkasi, akatoa mbegu ya ndani na kuilaza kwenye kiriba chenye udongo wa msitu, samadi na mchanga. Alipenda kokwa za maembe ya kienyeji, ambayo tunda lake halina soko lakini mizizi yake haidekezwi.

Shina likifikia unene wa penseli, ndipo anatafuta kikonyo. Hapo nilimwona akiwa mkali. Wiki moja na zaidi kabla ya kukikata, alikwenda kwenye mti mama akapunguza majani ya ncha ya tawi, ili macho yavimbe kikonyo kikiwa bado mtini. Siku ya kubebesha alikaa kwenye kigoda, wembe mpya, utepe wa nailoni umekatwa tayari. Anakata shina, analipasua katikati. Kikonyo anakichonga pande mbili kwa mikato miwili tu. Mkato wa tatu, alisema, ni wa mwanafunzi. Anakizamisha kwenye mpasuko na kukisogeza ukingoni, kwa sababu uhai wa shina uko chini tu ya gome, na gome la ndani la huku lisipogusana na la kule umefunga maiti mbili. Kisha utepe, kisha kimfuko cha plastiki juu kuzuia kukauka. Kutoka mkato wa kwanza hadi fundo la mwisho alikuwa hajibu salamu, hata ya mteja mwenye gari kubwa.

Siku moja alikuja mama mmoja wa makamo, kachukia.

"Shikamoo, Mzee. Ule mwembe ulioniuzia apple umezaa maembe ya nyuzi."

"Marahaba, mwanangu. Yale machipukizi ya chini ya kovu ulikuwa unayakata?"

"Kovu lipi?"

Akamchukulia mche, akamwonyesha pale paliposhonwa, na jinsi shina la chini lisivyokata tamaa: likiachiwa chipukizi moja, humpita mgeni aliyebebeshwa juu na kumwua njaa. Akampa mche mwingine bila kumtoza. Kosa lilikuwa la mama, kwa hesabu yangu. Kwa hesabu ya Mzee, lilikuwa lake: hakumwonyesha kovu siku ya kwanza.

Miche siku hizi inakufuata mlangoni. Kirikuu huingia mtaani na kipaza sauti, miche imesheheni, bei nafuu. Labda ni mizuri. Sitaki kumsingizia mtu. Lakini mwaka wa tatu ukifika kirikuu hiyo iko wapi? Nimeambiwa nichukue namba ya simu. Namba hubadilishwa, na sijaona simu inayoweza kupapasa kovu la mche.

Tena miti mama nayo inaondoka. Vikonyo vya Mzee vilitoka kwenye nyua za watu, Mikocheni na Msasani, nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa na miembe aliyoijua mmoja mmoja: huu huzaa kila mwaka, ule hupumzika mwaka mmoja, huu wa ukutani una utamu ila maembe yake huoza mapema. Hakuiandika popote. Nyumba hizo zinabomolewa, ghorofa linapanda, na kinachobaki cha uwanja hutandikwa pevingi. Mpangaji wa ghorofa ya sita hana haja na mwembe. Anataka kitu cha kukaa kwenye chungu barazani. Hata bila barabara, biashara ilikuwa imeanza kuhama.

Wiki ya kufunga, watu walijaa kama mnadani. Mawaridi yalikwenda kwa bei ya kutupa, asumini pia, hata pipa la maji lilipata mtu. Kijana mmoja akataka miembe ya nyuma yote, iliyobebeshwa majuma mawili tu nyuma, vimfuko bado vichwani. Alitoa bei nzuri, fedha taslimu.

"Hii siuzi," Mzee akamwambia. "Haijashika bado."

"Mimi nakubali hasara, Mzee. Ikifa, imekufa."

"Wewe umekubali. Utakayemuuzia je, atamdai nani?"