Gitaa Kuwa Manju: Lugha na Fani katika Lazy Bones!! ya Bendi ya WITCH

Uhakiki wa muziki wa roki wa Zambia, uitwao Zamrock, aghalabu huanza na suala la lugha na kukomea papo hapo. Bendi ya WITCH, iliyochipuka katika eneo la migodi ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliimba zaidi kwa Kiingereza. Basi huhukumiwa kuwa ni mwigo mtupu. Hata lakabu ya mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, yaani Jagari, iliyotokana na jina la Mick Jagger, hutolewa kama ushahidi.

Santuri ya Lazy Bones!! (1975) haikubali hukumu hiyo. Nyimbo zake kumi ni fupi, nazo hunasa sikio mara moja. Ngoma zinagonga kwa ukavu, kana kwamba zimo chumba kimoja na msikilizaji. Gitaa linakwaruza, wala hakuna aliyejaribu kulilainisha. Hata hivyo, ndani ya ufupi na ukali huo mna tamaa kubwa ya usanifu: mwendo hukatizwa ghafla, wazo jipya likaingia, na la kwanza likarejea limebadilika.

Mwenye kuijua ngoma ya Kiafrika atatambua kilichotendeka. Katika ngoma, manju hubuni na kutangulia, na kundi huitikia kwa kibwagizo kisichobadilika. Hapa nafasi zimebadilishana. Chanda hushika maneno machache na kuyarudia, kazi ya waitikiaji. Gitaa la Chris Mbewe ndilo litangulialo, likibishana naye na kumwongoza. Uchache wa maneno, basi, si umaskini wa fani.

Lakini mpango huu una gharama yake, na watetezi wa bendi hawapendi kuitaja. Katika "Motherless Child" maudhui ni ya ukiwa, na ukiwa wataka mtu wa kusimulia. Gitaa lalia, lakini halisemi ni nani aliyefiwa wala na nani. Paul Ngozi, wa kizazi hicho hicho, aliimba pia kwa Kinyanja kuhusu mambo ya nyumbani na mitaani. Akieleweka hata na asiyejali gitaa lake.

Mwaka 2023 ilitoka santuri ya Zango, ambamo nyimbo kama "Waile" na "Unimvwesha Shuga" zimeimbwa kwa lugha za Zambia. Katika watano wa 1975 alikuwa amesalia Chanda peke yake. Mbewe alikwisha kufariki, na gitaa lilikuwa mikononi mwa wengine.