Kusakinisha Linux Shieywe: Kazi Iko Kabla ya Kubofya

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini Kakamega, zile HP EliteBook na Dell Latitude zilizokwisha kutumika Ulaya, zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, ilhali Windows 11 inadai cha nane kwenda juu. Mwenye mashine kama hiyo hapa Shieywe anaweza kuweka mfumo wa Linux Mint au Ubuntu bure na kuendelea kupata masasisho ya usalama.

Ni rahisi? Kusakinisha kwenyewe ni rahisi mno. Ugumu uko kabla ya hapo, na wanaousifu urahisi huo aghalabu hawanunui intaneti kwa bando.

Faili la kupakua la Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6. La Mint 22, toleo la Xfce, halifiki GB 3, na kwa mtu wa bando mimi napendekeza hilo. Hadi 2011 Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo, na huduma ile ilitufaa sana huku kwetu. Siku hizi mmoja akishapakua, mtaa mzima unaweza kunakili kwa flashi, na sheria inaruhusu.

Upakuaji ukikatika njiani, faili linaweza kuharibika bila dalili. Kwa hiyo kagua alama yake ya SHA-256: herufi na tarakimu 64 ambazo lazima zilingane zote na zile za tovuti rasmi. Kisha programu ya Rufus inaliandika kwenye flashi, na chochote kilichokuwa humo kinafutika.

Washa mashine huku ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itafunguka nzima bila kuigusa diski. Usiharakishe hapa. Jaribu waifai, sauti, kibodi na kamera. Kisichofanya kazi sasa kitakusumbua pia baadaye.

Ukianza kusakinisha, panapoumiza watu ni ukurasa wa diski. Chaguo la kufuta diski linaondoa kila kitu, picha za harusi na kazi za chuo pamoja. Ukitaka Windows ibaki, chagua kusakinisha kando yake, lakini kwanza hifadhi faili zako kwingine, uwe na ufunguo wa BitLocker kama diski imefungwa nayo, na uzime Windows kabisa kwa kushikilia Shift unapobofya kuzima. Betri za mtumba nyingi zimechoka. Stima ikipotea wakati diski inagawanywa, data inaweza kuharibika. Anza betri ikiwa imejaa, na siku ya radi ahirisha.

Yanayobaki ni jina, nywila na saa za Nairobi. Kwa kawaida nusu saa inatosha.

Waifai ya Broadcom ikigoma, unganisha simu kwa kebo ya USB na ushiriki intaneti yake, kisha ufungue kidhibiti cha viendeshi kikutafutie kiendeshi chake. Masasisho ya kwanza hula mamia ya MB, kwa hiyo yafanyie penye waifai ya bure.